Dakika Ishirini na Tano

Machi 3

Nimeacha kazi. Miaka minne nimekaa mapokezi ya ofisi ya bima nikiwaambia watu wasubiri, na leo nimemwambia meneja kwamba sasa zamu yangu ya kusubiri imekwisha. Hakuelewa. Akaniuliza funguo za kabati ziko wapi.

Mama alikuwa kwenye cherehani nilipomwonyesha kadi zangu mpya. Akazisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti: "Mpangaji wa Sherehe." Akacheka mpaka uzi ukakatika. "Mpangaji ni wewe kweli, tena wa chumba cha uani usiyelipa kodi."

Nitachapisha upya. Mratibu wa Sherehe.

Machi 9

Hakuna simu.

Machi 11

Hakuna simu. Mvua imeanza. Nani atafanya sherehe kwenye mvua?

Machi 14

Nimepata mteja!

Ni mwanamke mmoja mfamasia, alikuwepo kwenye ile hafla ya kumuaga mhasibu wetu niliyoiandaa mwaka jana. Baba yake anatimiza miaka themanini tarehe 24 Mei. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, amestaafu zamani. Tumekutana nyuma ya duka lake la dawa, katikati ya maboksi. Anaongea kama anavyosoma maelekezo ya dozi: kimoja kutwa mara tatu, usizidishe.

Alikuwepo na mdogo wake, kitinda mimba wao, mwanamume wa kama miaka thelathini na minane, tai shingoni, viatu vimeng'aa. Hawa wawili ndio watoto pekee. Nilimsalimia, akatikisa kichwa. Nikamwuliza anapenda rangi gani, akamtazama dada yake, dada akajibu. Nikamwuliza kama ana mke wa kumpangia kiti, akatazama maboksi, dada akajibu hana. Nikaona basi, tajiri wa maneno huyu, hatumii hovyo. Watu wa maringo nawajua, nimewapokea miaka minne.

Masharti yao nimeyaandika yote. Hema uani kwa Mzee, si ukumbini. Wageni mia moja na ishirini, orodha wameshaiandaa wenyewe, karibu wote ni waliosoma shule ya Mzee, tena miaka mitano tu iliyotajwa, si zaidi wala pungufu. Kwenye ratiba, namba sita: Neno la Kitinda Mimba, dakika ishirini na tano. Nikasema hotuba ya familia kwa kawaida ni dakika tano, watu hawachoki. Mfamasia akasema, "Ishirini na tano."

Na la mwisho. "Baba asipewe maiki. Hata kama anaomba maji, aombe kwa mdomo wake."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Machi 22

Nimetembelea watu wanne wa mahema. Wawili mahema yao yana matundu, mmoja ana hema zuri na mdomo mbaya, wa nne nimemchukua.

Aprili 2

Leo nimekutana na Mzee mwenyewe. Jamani!

Nilijitayarisha kukuta mgonjwa. Nikamkuta kwenye kiti cha mbao kibarazani, kanzu imepigwa pasi, kalamu nyekundu mfukoni. Nikampa shikamoo, akaniitikia kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu. Akataka kuona ratiba. Nikampa ile ya rasimu, isiyo na dakika wala majina, akaisahihisha yote: herufi kubwa hapa, mkato hapa, "mapambo" si "mapabo". Akaniandikia pembeni 7/10. Nimefurahi kama mtoto.

"Wewe utaitwa Binti Ratiba," akasema.

Yule mama anayemhudumia, mtu mzima mwenye wajukuu, alituletea chai. Kabla hajakaa Mzee akamwambia, "Tahajia ya 'ng'ombe'." Mama wa watu akasimama na sinia mkononi, akaanza en, ge... Akakosea. Akaanza tena. Mara tatu. Mzee anamwita Bi Makosa. Alipopatia ndipo akaruhusiwa kukaa, naye akacheka, na mimi nikacheka, na Mzee akacheka kuliko wote.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Sikumbuki kama alikuwa na kalamu.

Aprili 8

Mvua. Uani kwa Mzee maji yanafika kifundoni. Fundi wa hema anasema tutahitaji mbao za kupandisha sakafu.

Aprili 11

Nimempigia simu kitinda mimba kumwuliza kuhusu vitambaa vya meza. Akapokea. Nikasema haloo. Kimya, pumzi tu. Haloo? Pumzi, kisha kama sauti ya mtu anayebanwa na kitu kooni. Nikasema kama upo kwenye shughuli utanipigia. Nikakata. Hakupiga. Alituma ujumbe: "Vyeupe."

Kwa mtu ambaye hata kwenye simu hakusemeshi, sijui hizo dakika ishirini na tano atazijaza nini.

Aprili 19

Nimekuwa nikienda kwa Mzee kila baada ya siku mbili, wakati mwingine bila sababu. Ananifundisha. Ameniambia mratibu mzuri hasemi "naomba", anasema "sasa". Leo nimemwambia fundi wa hema "sasa", na kweli akanyanyuka.

Wanawe wamekuja mara moja tu nikiwepo. Walisimama kibarazani kama wageni waliokosea nyumba. Mzee akawaambia, "Hata nyie mmekuja? Nani kafa?" Kitinda mimba alitazama viatu vyake muda wote. Nikasema moyoni, mtu ana baba mzima mwenye akili timamu, na anamtazama hivi.

Aprili 27

Jua nusu saa. Nimeanika vitambaa, vikalowa tena.

Mei 5

Mgeni mmoja kwenye orodha ndiye mkurugenzi wa ule ukumbi mkubwa wenye vioo. Mzee ndiye aliyeniambia. "Nilimchapa sana yule," akasema kwa upendo. "Nikimwambia akuchukue, atakuchukua. Bado ananiogopa." Sikupata usingizi vizuri. Kazi za ukumbi ule zikija kwangu, Mama anaweza kufunga cherehani.

Mei 16

Hema limesimama leo. Nilikuwa nje nahesabu kamba, mvua ya rasharasha, nikasikia mtu ndani anasoma. Nikachungulia. Kitinda mimba alikuwa peke yake jukwaani mbele ya viti mia na ishirini vitupu, karatasi moja mkononi.

Ana kigugumizi. Si kile cha kukwama neno mara mojamoja, hapana. Kila neno lilikuwa mlima. Shingo inakakamaa, macho yanafumba, mdomo unashika herufi hauiachii, kisha neno linatoka limechoka, naye anakwenda kwenye lingine. Nikakumbuka ile simu. Nilimkatia.

Dada yake alikuja akasimama karibu yangu bila mwavuli. Tukasikiliza. Karatasi inasema hivi, nimeiona baadaye: *Nilikuwa na miaka tisa. Kila asubuhi, kwa miaka mitano, Baba alinipandisha jukwaani mbele ya shule nzima nisome tangazo la siku. Nilipokwama, shule nzima iliitikia neno kwa pamoja. Mlikuwa mnacheka. Nilipofika miaka kumi na minne niliacha kuongea nje ya nyumba. Leo nimekuja kumaliza kusoma.* Kuna aya nyingine mbili, halafu sentensi ya mwisho: *Baba, nimemaliza.*

Ukiisoma kimyakimya ni dakika mbili.

"Kila Jumatano," Mfamasia akasema, "miaka miwili, anakwenda kwa mtaalamu wa kuongea. Hataki Baba aombe msamaha. Hataki kitu chochote kwa Baba. Anataka afike nukta ya mwisho, mbele ya walewale."

Nikatazama saa. Dakika ishirini na mbili.

"Hizo tatu ni za kupumua," akasema.

Mei 17

Nimesimulia yote kwa Mama. Akakanyaga cherehani muda mrefu. "Na huyo mzee wako ndiye unayempelekea maandazi?"

Nikamwambia mtu hahukumiwi kwa mambo ya miaka thelathini iliyopita, kila mwalimu wa zamani alikuwa hivyo. Kumwita mtu wa miaka themanini uani kwake, kumkalisha juu ya jukwaa na kumvua nguo mbele ya wanafunzi wake, hilo nalo si ukatili?

Mama akasema, "Wewe shona vyako."

Mei 19

Mzee amejua. Hapana. Niandike vizuri: nimemwambia.

Nilimkuta hana raha, chai imepoa. "Binti Ratiba," akasema, "mimi ndiye mwenye sherehe na ndiye pekee nisiyejua namba sita ni nini." Macho yalimlowa. Nilimwambia mwanao ana neno la kusema, ni la zamani, la shule. Akauliza litachukua muda gani. Nikamwambia.

"Mtoto wangu atasoma," akasema. "Basi naomba kitu kimoja. Akimaliza, nimshukuru. Neno moja tu. Utanipa maiki?"

Alisema naomba. Yeye ambaye hasemi naomba.

Halafu, nikiwa navaa viatu, akaongeza kwamba amekwishampigia simu yule mkurugenzi wa ukumbi.

Nikamwahidi.

Mei 22

Mbao zimefika. Maua yamefika. Mfamasia kaniuliza kama kila kitu kiko sawa. Nikasema kila kitu.

Mei 24, jioni

Naandika kabla sijavua viatu.

Mvua ilikatika saa tano asubuhi. Saa nane wageni walikuwa wamekaa: watu wa miaka arobaini, vitambi, mikoba, magari yamejaa mpaka barabarani, na kila aliyempita Mzee alisimama mkakamavu na mikono nyuma kama mtoto. Mzee alikaa juu kwenye kiti chake, shali magotini. Maiki ya pili, ile ya wageni kutolea salamu, ambayo Mfamasia aliniagiza isitoke mkononi mwangu, nilimpa mwenyewe, imezimwa, nikaifunika kwa shali. "Akimaliza tu, Mwalimu. Mpaka amalize." Akanibana mkono. "Binti yangu."

Namba moja mpaka tano zilikwenda kama maji. Mshereheshaji akamwita kitinda mimba.

Alipanda. Alichukua muda mrefu kufungua karatasi. Alipoanza, hema zima lilitulia, kisha likaanza ule wasiwasi wa watu kutotaka kutazama. Mmoja alikohoa. Mwingine alitoa simu, mkewe akampiga kiwiko. Lakini yeye alikwenda. Neno, pumzi, neno. Alipofika kwenye "mlikuwa mnacheka" aliwatazama, na nikaona wanaume wazima wanainamisha vichwa. Mama mmoja mstari wa mbele alikuwa analia waziwazi. Mfamasia alisimama pembeni ya jukwaa, midomo inatembea pamoja na ya mdogo wake, bila sauti. Nilitazama saa: dakika kumi na tisa. Ishirini. Nikawaza, atafika. Nikasahau kabisa mambo ya ukumbi na mkurugenzi, naapa, kwa dakika ile nilitaka afike tu.

Ilibaki ile sentensi ya mwisho. Maneno mawili.

"B," akasema. "B-b-b."

Shingo ikakakamaa. Alifumba macho, kama walivyomfundisha nadhani, akasubiri. Alikuwa anasubiri tu! Alikuwa na dakika nne nzima.

Ndipo maspika yakatoa ile sauti ya maiki kuwashwa.

"Baba," Mzee akasema. Kwa upole, kwa sauti ile ya kibarazani. "Neno ni baba, mwanangu. Ba-ba. Shule, tumsaidie. Moja, mbili, tatu."

Nao wakaitikia. Sidhani kama walikusudia. Ilitoka kwenye miili yao, watu mia moja na ishirini kwa pigo moja: "Ba-ba!"

Kisha kicheko. Kilianzia nyuma, kikaja mbele kama maji yamefunguliwa. Hata yule mama aliyekuwa analia. Fundi wa sauti aligeuka akanitazama, mkono kwenye kitufe, anasubiri nimpe ishara akate. Alikuwa ananitazama usoni. Sikumpa ishara, kwa sababu nilikuwa nacheka. Na kabla ya kucheka nilikuwa nimeitikia pamoja nao. Nililisikia lile neno kinywani mwangu.

Kitinda mimba alifumbua macho. Hakumtazama baba yake. Aliikunja karatasi mara mbili, tena mara nyingine, akaitia mfukoni, akashuka. Alipita karibu yangu, akaona mikono yangu haina maiki ya pili. Akaelewa. Dada yake akamfuata mpaka nje ya geti.

"Mnaona," Mzee akasema kwenye maiki, "bado wananisikia." Makofi. Wengine walisimama.

Keki ikakatwa. Tulimaliza dakika tisa kabla ya muda. Mkurugenzi wa ukumbi alinipa kadi yake, akasema hajawahi kuona shughuli inayokwenda na saa namna ile.

Mei 25

Simu tatu. Wote walikuwepo jana, wote wanataka sherehe. Mmoja anasema hajacheka hivyo tangu utotoni.

Nimekubali zote.

Mei 26

Nimekwenda duka la dawa. Mfamasia alikuwa anahudumia mtu. Nikasubiri foleni kama mgonjwa. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Dada, nisamehe, alisema anataka kumshukuru."

Akanitazama kama anajaribu kukumbuka dawa yangu.

"Ukamwamini wewe," akasema. "Umemjua wiki saba." Kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Mei 30

Mzee amepiga simu anataka video. Nikasema wenye shughuli ni wanao. Akasema, "Sasa."

Nikampelekea nakala. Bi Makosa alinifungulia geti bila kuinua uso. Tulikaa watatu mbele ya televisheni, Mzee akaipeleka mbele mpaka namba sita. Akairudisha. Akaipeleka tena. "Sikiliza walivyoitikia," akaniambia. "Miaka thelathini, na hawajapoteza pigo." Akaniandikia 10/10 kwenye kipande cha karatasi. Nilikitupa kwenye mtaro nje, na bado nilisubiri mpaka nimefika mbali, asije akaniona.

Juni 2

Nimesaini na ukumbi wa vioo. Mama kashona gauni la kuanzia kazi. Hakuuliza kitu.

Juni 4

Bi Makosa kanipigia, wala sikujua ana namba yangu. Anasema kila mgeni anayefika anaonyeshwa ile video. Alasiri zote. Anasema yeye hulazimishwa kuitikia pamoja na televisheni. "Nilidhani wewe ni mtoto wa watu," akasema, akakata.

Juni 6

Leo asubuhi, mvua kubwa, nikiwa napanga faili kwenye ofisi yangu mpya ya ukumbini, mlango ukagongwa. Kitinda mimba.

Alikuwa na tai, viatu vyake vimelowa. Nilisimama. Yeye akatoa kijitabu kidogo mfukoni na kalamu, akaandika, akanigeuzia. Kwa hiyo sasa anaongea hivyo.

*Video. Futa. Nakala zote.*

Nikafungua kompyuta mbele yake. Nikalitafuta faili, nikamwonyesha jina, nikalifuta, nikaingia kwenye pipa la taka, nikalifuta na humo. Nikatoa flashi ya mpiga video nikaifuta pia. Alikuwa amesimama nyuma yangu, nilisikia pumzi yake, ileile ya kwenye simu.

Akaandika tena.

*Zote?*

Nilifikiria televisheni ya Mzee. Nilifikiria kumwambia, na uso wake ungekuwaje, na kwamba angetoka hapa akiwa analijua hilo na ningebaki humu na mimi nikilijua. Pia nilifikiria, siwezi kuficha, kwamba chumba cha pili yupo mkurugenzi.

"Zote," nikasema.

Mabega yake yalishuka. Kabisa, kama mtu aliyetua mzigo mlangoni kwake. Akafunga kijitabu, akakirudisha mfukoni na kalamu yake. Nikadhani anaondoka. Lakini akabaki, akanitazama, akafungua mdomo.

"A," akasema. "A-a..."

Shingo ikakakamaa. Akafumba macho. Nilikuwa nalijua neno, mtu yeyote angelijua. Sikumsaidia. Nilishika ukingo wa meza nikasubiri, mvua inapiga kwenye vioo, mpaka akalimaliza lote mwenyewe.

"Asante."